Walioshikana Mikono Kwenye Fedha: Kisa cha Nyumba ya Severus

Dinari ya Plautilla ni sarafu ndogo ya fedha ya Roma ya kale. Kipenyo chake hakifiki milimita 20, na uzito wake ni gramu tatu na ushei. Upande wa kichwa kuna binti ambaye nywele zake zimelazwa mawimbi hadi kisogoni. Upande wa pili, ule ambao kwenye shilingi ya Tanzania ya 1966 una mwenge, mwanamume na mwanamke wamesimama wakitazamana, wameshikana mikono ya kulia. Ni sarafu ya harusi. Maandishi yanayowazunguka hutofautiana: kwenye nyingine ni PROPAGO IMPERI, uzao wa kuendeleza dola; kwenye nyingine ni CONCORDIAE AETERNAE, mapatano ya milele.

Harusi ilifanyika Roma mwaka 202. Bibi harusi alikuwa Plautilla, na bwana harusi, Caracalla, mwana wa kaizari Septimius Severus, alikuwa na miaka 14. Milele hiyo ilidumu miaka mitatu. Herodian, aliyeandika historia ya zama zile, anasema kijana hakukubali kula meza moja na mkewe wala kulala naye kitanda kimoja, na alimwambia wazi kwamba siku atakayoshika madaraka atamuua yeye na baba yake. Baadaye wote wawili waliuawa.

Kwa hiyo ukiuliza sarafu hiyo ilikuwa na maana gani, jibu linaweza kuonekana jepesi: ilidanganya. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Sarafu za nyumba hii hazikutolewa ovyo. Zilitoka kwa wakati wake, na ukizipanga kwa miaka utaona neno la mapatano likijitokeza kila mahali ambapo ukuta wa nyumba umeanza kupasuka. Fundi wa sarafu alikuwa anaziba nyufa, na anayeziba nyufa hukuonyesha zilipo.

Tuanze na baba mwenye nyumba. Septimius Severus alizaliwa mwaka 145 huko Leptis Magna, mji wa pwani ya Libya ya leo. Alikuwa Mwafrika wa kaskazini aliyepanda ngazi za utumishi wa Roma hadi akawa na majeshi mkononi. Mwisho wa 192 kaizari Commodus aliuawa. Pertinax aliyemfuata akauawa na walinzi wake mwenyewe, kisha walinzi hao wakakinadi kiti, na mzee tajiri Didius Julianus akakinunua. Severus aliingia Roma na jeshi mwaka 193, kisha akatumia miaka minne kuwamaliza wapinzani wawili waliobaki, mmoja mashariki na mwingine Gaul, Ufaransa ya leo.

Kiti alikipata. Ukoo wa kukikalia hakuwa nao. Mwaka 195 akatangaza kwamba yeye ni mwana wa Marcus Aurelius, kaizari aliyeheshimiwa sana, ambaye wakati huo alikuwa kaburini mwaka wa kumi na tano. Cassius Dio, seneta aliyekuwepo, ameandika kwamba mtu mmoja mwenye ulimi mkali alimpongeza Severus kwa kumpata baba. Mwanawe wa kwanza, aliyekuwa anaitwa Bassianus, akabadilishwa jina na kuwa Marcus Aurelius Antoninus. Ndiyo maana ukitafuta jina Caracalla kwenye sarafu hutalipata hata ukeshe. Lilikuwa jina la utani tu, kutokana na joho la Kigaul lenye kofia alilopenda kuvaa.

Hapa msomaji makini atanipinga, na ana haki. Neno Concordia halikubuniwa na Severus. Kaizari Antoninus Pius na mkewe Faustina, ambao hakuna anayewataja kwa ugomvi, walishikana mikono kwenye sarafu kabla Severus hajazaliwa. Ni kweli. Lakini hilo ndilo linaloeleza mambo. Severus aliazima baba, akaazima jina la mtoto, na akaazima picha ya ndoa njema ya akina Antoninus pamoja na vingine vyote. Nguo ya kuazima haikumkaa.

Mkewe alikuwa Julia Domna, binti wa kuhani wa mungu jua huko Emesa, mji wa Syria unaoitwa Homs siku hizi. Kifungua mimba wao alizaliwa Aprili 188, na mdogo wake, Geta, Machi 189. Wamepishana miezi kumi na moja. Hebu fikiria watoto wawili wa namna hiyo, waliofuatana kama vipande vya ngazi, halafu mwaka 198 baba anampa mmoja cheo cha Augustus, yaani mtawala kamili pamoja naye, na mwingine anampa cha Caesar, yaani mrithi wa kungoja. Caracalla alikuwa bado hajatimiza miaka kumi. Geta alingoja miaka kumi na moja.

Kungoja huko kunaonekana kwa macho. Kwenye dinari za miaka hiyo Caracalla amevaa taji la majani ya mlori, Geta kichwa wazi. Karibu na Geta utasoma PRINC IVVENTVTIS, kiongozi wa vijana, cheo kizuri cha kumpa mtu asiye na kazi. Jina lake la kwanza lenyewe halikutulia: sarafu za mwanzo zinamwita Lucius, za baadaye Publius. Sura yake inabaki ya kitoto muda mrefu, kisha, alipopandishwa cheo mwaka 209, ghafla ana ndevu na taji na anafanana na kaka yake kiasi kwamba wakusanyaji wa leo hulazimika kusoma maandishi ndipo wajue ni yupi.

Kama ningeruhusiwa kushika sarafu moja tu ya ukoo huu, nisingechagua ya Plautilla. Ningechagua ile ya dhahabu ya karibu mwaka 201 iliyoandikwa FELICITAS SAECVLI, heri ya zama. Upande wa kichwa ni Severus na ndevu zake zilizogawanyika. Upande wa pili Julia Domna anakutazama usoni moja kwa moja, jambo adimu, maana Warumi walizoea kuchora sura za ubavu. Kulia kwake na kushoto kwake wamewekwa wanawe wawili, wakitazamana. Watu wanne kwenye dhahabu isiyozidi upana wa ukucha wa dole gumba, na mama yupo katikati. Aliyeichora hakuwa nabii, lakini mpangilio huo tutaukuta tena.

Tumrudie mkwe. Baba yake Plautilla, Plautianus, alikuwa mtu wa Leptis kama Severus na jamaa yake, na alikuwa mkuu wa walinzi wa kaizari. Nguvu zake zilifika mahali pa kutisha. Dio anasema mahari aliyomtolea binti yake ingetosha mabinti hamsini wa kifalme, naye mwenyewe aliiona ikipitishwa sokoni kuelekea ikulu. Julia Domna alimchukia, Caracalla alimchukia zaidi, na Severus hakutaka kusikia neno. Basi harusi ya 202 haikuwa ya watoto wawili. Wazee wawili kutoka mji mmoja walikuwa wanafungana kamba ili asitoroke mtu.

Kamba ilikatwa Januari 205. Caracalla alitunga tuhuma za njama, Plautianus akaitwa ikulu, akauawa palepale. Dio anaeleza kwamba mtu mmoja aling'oa nywele za ndevu za maiti, akazipeleka walikokuwa Julia na Plautilla ambao hawajui lolote, akawaambia: huyu hapa Plautianus wenu. Mmoja akaangua kilio, mwingine akafurahi. Plautilla na kaka yake wakapelekwa uhamishoni kisiwa cha Lipari, na Severus alipokufa, mume wa mapatano ya milele akaagiza wauawe.

Baada ya Plautianus kuondoka, Dio anasema, vijana wale walikuwa kama wanafunzi walioondokewa na mwalimu mkali. Waligombania kila kitu. Huyu akishabikia timu hii ya mbio za magari ya farasi, yule lazima ashabikie nyingine. Siku moja walishindana wenyewe kwa vigari vya farasi wadogo, kwa hasira kiasi kwamba Caracalla alianguka akavunjika mguu.

Baba alijaribu dawa ya zamani: kuwapeleka vitani. Mwaka 208 familia nzima ilihamia Uingereza. Caracalla alikwenda na baba mstari wa mbele kaskazini, Geta akaachiwa mambo ya utawala. Mwaka uliofuata Geta akawa Augustus. Kuanzia hapo anayeufuata ukoo huu inabidi ahesabu herufi G. AVG ni Augustus mmoja; AVGG ni wawili; AVGGG ni watatu. Kwenye mawe ya miaka hiyo huko Uingereza na kwingineko zimeandikwa G tatu, na kwenye mengi kati yake G ya tatu imetobolewa kwa tindo. Sijui kama kuna mtu mwingine katika historia aliyeuawa hadi kwenye wingi wa sarufi.

Severus alifia Eboracum, York ya leo, tarehe 4 Februari 211. Maneno yake ya mwisho kwa wanawe, kama Dio alivyoyapokea, yalikuwa matatu: patananeni, watajirisheni askari, wengine wote wadharauni. Agizo la pili na la tatu yalitimizwa barabara. La kwanza lilitimizwa kwenye sarafu. Mwaka huohuo 211 karakana ya Roma ilitoa sarafu za Concordia zinazoonyesha ndugu wawili wameshikana mikono, picha ileile ya harusi, isipokuwa sasa ni kaka na mdogo wake.

Waliporudi Roma na majivu ya baba, kwa mujibu wa Herodian, waliigawa ikulu. Milango ya ndani iliyounganisha sehemu mbili ilizibwa, kila mmoja akaweka walinzi wake, na hawakukutana ila hadharani. Baadaye wakakaa na washauri wa baba na mama yao kuzungumzia kuigawa dola yenyewe: Caracalla abaki na Ulaya, Geta achukue Asia na makao yawe Antiokia au Aleksandria. Washauri wakainamisha vichwa. Julia Domna ndiye aliyesema. Mmepata njia ya kugawana nchi na bahari, wanangu, na mama yenu je, mtamgawanaje? Shauri likafia hapo.

Sina hakika kama alitenda jema. Kilio cha mama kiliokoa dola isikatwe vipande viwili, na huenda ndicho kilichomfanya Geta abaki Roma mpaka Desemba.

Desemba hiyo Caracalla alimwomba mama awaite wote wawili chumbani kwake, bila walinzi, wapatane. Geta alikuja. Maakida wa jeshi waliokuwa wamepangwa wakaingia. Geta, mwenye miaka 22, akamkimbilia mama yake, akamng'ang'ania shingoni na kifuani, akilia: mama, mama uliyenizaa, nisaidie, wananiua. Walimuulia mapajani mwake. Julia alijeruhiwa mkono, na kwa damu iliyokuwa imemtapakaa hakulitambua jeraha. Halafu akakatazwa kulia. Ilimbidi acheke na kufurahi kana kwamba nyumba imepata bahati kubwa, anasema Dio, kwa kuwa kila neno na kila mabadiliko ya uso wake yalikuwa yanatazamwa.

Na sarafu zake? Katika utawala wa mwanawe aliyebaki zinamtaja hivi: IVLIA PIA FELIX AVG. Julia mchaji, mwenye heri.

Caracalla alikimbilia kambi ya walinzi usiku uleule akidai ameponea chupuchupu njama ya mdogo wake. Aliwaahidi kila mmoja dinari 2,500, akawaongezea na posho. Waliposikia fedha walielewa kisa haraka sana. Waswahili husema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, lakini Roma wengi hawakuwa na jembe. Walikuwa wamekwisha kuchagua upande, au walichaguliwa. Dio anataja watu wapatao 20,000 waliouawa kwa sababu ya kuhesabiwa kuwa wa Geta, wakiwemo watumishi wa nyumbani. Mwanasheria mkuu Papinian alikuwa mmoja wa waliokatwa katika siku hizo.

Ikafuata kazi ya kumfuta. Jina la Geta liliondolewa kwenye mawe kutoka Roma hadi Misri. Kwenye tao la Severus katika Foro, uwanja mkuu wa Roma ya kale, lililojengwa mwaka 203, mstari wake ulibanduliwa na kuwekwa sifa zaidi za baba na kaka. Matundu ya herufi za kwanza yanaonekana hadi leo. Berlin kuna ubao wa duara uliochorwa Misri, wenye familia yote minne kwa rangi, na mahali pa uso wa mtoto mmoja pamesuguliwa pakabaki doa. Na kuna lango dogo la mwaka 204, karibu na lililokuwa soko la ng'ombe la Roma, lililojengwa na wabadilisha fedha pamoja na wafanyabiashara wa ng'ombe kwa heshima ya familia. Ndani yake Severus na Julia wamesimama na pengo kando yao. Upande wa pili Caracalla yuko peke yake na pengo pana zaidi, maana pale walifutwa mke na baba mkwe. Nalipenda lango hili kuliko yote kwa sababu ya waliolijenga. Watu wale walihesabu sarafu kila siku, na bila shaka sura ya Geta waliijua kwa vidole.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka. Dio anasema Caracalla aliziyeyusha sarafu zenye sura ya mdogo wake. Lakini ukienda leo kwa wauzaji wa sarafu za kale, dinari ya Geta ni miongoni mwa zile ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kununua. Zipo tele. Aliyefutwa kwenye mawe amejaa mifukoni. Kwa nini?

Jibu liko kwenye agizo la pili la baba. Severus aliwaongezea askari mshahara, na kuulipa alipunguza madini ndani ya dinari hadi karibu nusu tu ikawa fedha halisi. Sisi tunaoita pesa na madini kwa neno moja tunaweza kusema aliipunguzia fedha fedha yake. Kwa ujanja huo karakana zilitoa dinari kwa wingi mkubwa, na sura ya Geta ilikuwa humo kuanzia 198. Zilikwenda moja kwa moja kwa askari, kutoka mpaka wa Uskochi hadi jangwa la Syria, na kutoka kwa askari zikaenda kwa muuza mvinyo na mwenye nyumba ya wageni. Kuzirudisha maana yake ni kumnyang'anya askari mshahara aliokwisha kulipwa, na Caracalla alikuwa kaizari kwa hisani ya askari. Zilizokuwa kwenye hazina yake aliweza kuziyeyusha. Zilizokuwa kwenye mikoba hakuthubutu kuzigusa.

Ushahidi mzuri uko Bulgaria. Mwaka 1929 huko Reka Devnia ilifukuliwa akiba kubwa ya dinari. Zilizoorodheshwa ni zaidi ya 81,000. Mzigo huo ulifichwa katikati ya karne ya tatu, karibu miaka 40 baada ya mauaji, na Geta yumo, amechanganyika na baba, mama na kaka. Hakuna aliyejali kumtoa. Dinari ni dinari.

Mambo yalikuwa tofauti kwenye miji ya Asia Ndogo iliyopiga sarafu zake za shaba. Stratonikeia, mji wa Caria, ulikuwa na sarafu pana zenye sura mbili zinazotazamana: Caracalla na Geta, nyingine Caracalla na Plautilla. Habari zilipofika, mtu aliketi na tindo akazikwangua moja moja. Geta akaondoka, Plautilla akaondoka, na sarafu ikapigwa chapa ndogo ili iendelee kutumika. Pergamon nako zipo zilizokwanguliwa. Kazi ya kuchosha, na naamini ilifanywa kwa hofu kuliko kwa chuki: mji ulitaka kaizari ajue kwamba umesikia. Matokeo yake Caracalla wa Stratonikeia anatazama shimo. Sarafu ambayo ingepita mkononi bila mtu kuangalia sasa inamlazimisha kila anayeishika kuuliza nani alikuwa hapa.

Caracalla mwenyewe aliendelea miaka mitano na miezi. Uso wake kwenye sarafu ulikunjamana, na upande wa kichwa akaandikwa ANTONINVS PIVS. Pius, kwa Warumi, ni mtu anayewatimizia wajibu miungu na watu wa damu yake. Mwaka 215 alileta sarafu mpya yenye taji la miale, kubwa kuliko dinari. Wengi wa wataalamu wanaona ilihesabiwa kwa dinari mbili ilhali uzito wake ulikuwa kama dinari moja na nusu. Askari bado walihitaji kutajirishwa.

Tarehe 8 Aprili 217 alishuka farasi kando ya barabara karibu na Carrhae, kusini mwa Uturuki ya leo, kwenda haja, na askari wake mmoja akamchoma. Habari zilimkuta Julia Domna Antiokia, tayari anaumwa titi, akakataa chakula hadi akafa. Mwaka uliofuata dada yake, Julia Maesa, akamweka mjukuu wake wa miaka 14 kwenye kiti kwa kudai ni mtoto wa Caracalla. Naye pia aliitwa Marcus Aurelius Antoninus.

Majivu ya Severus yalikuwa yamewekwa kwenye kaburi la akina Antoninus kando ya mto Tiber, jengo la mviringo ambalo leo ni Castel Sant'Angelo. Mifupa ya Caracalla iliingizwa humo usiku, kwa siri, maana wengi walimchukia. Julia alizikwa kwanza mahali pengine. Baadaye Maesa aliihamishia mifupa yake kwa akina Antoninus, na pamoja nayo akahamisha ya Geta. Wakawa wanne tena mahali pamoja.